Mpangaji wa Chumba Kisicho na Mlango

Mama Satini alikuwa mshonaji wa majeneza. Mbao ilikuwa kazi ya Seremala. Yeye alishona yale ya ndani. Kwa miaka ishirini na sita walifanya kazi karakana moja, Seremala upande wa mlangoni na randa yake, Mama Satini upande wa dirishani na cherehani yake ya kukanyaga, na katikati yao vumbi la mbao lililoingia mpaka kwenye chai. Seremala akimaliza sanduku, Mama Satini hulivika: sponji kwanza, juu yake satini nyeupe yenye mikunjo midogo midogo, na mwisho kimto cha kichwa. Kanuni yake ilikuwa moja. Kila upande wa mwili ibaki nafasi ya kiganja, maana hata aliyekufa hapendi kubanwa. Inasemekana mzee mmoja aliletwa pale akiwa amekunja uso kwa ghadhabu, wakamlaza kwenye satini ile, na kabla kifuniko hakijashuka alikuwa ameshatabasamu. Waliokuwepo wanaapa. Wasiokuwepo wanaapa zaidi.

Karakana nayo ilikuwa na sheria yake. Hakuna jeneza lililotoka bila kugongwa. Mama Satini alikunja kidole, akagonga kifuniko mara tatu, akasema, "Hodi humo ndani!" kisha akafunua na kuchungulia mpaka chini ya bitana. Sheria hii ililetwa na paka. Paka wa jirani aliwahi kupenya kati ya sponji na ubao akalala usingizi wa pono, na kule makaburini, pale pale watu walipoinamisha vichwa, jeneza likalia nyau. Watu walitimua mbio. Walikimbia hata wawili waliokuja kwa magongo, na magongo yao hayajaulizwa na mtu mpaka leo.

Tangu hapo Mama Satini hakuweza kuona kitu kilichofungwa akakiacha. Sufuria, kabati, mikoba ya wageni, vyote aligonga na kufunua.

"Wewe mama," Seremala alimwambia, "siku moja utagonga tumbo la mja mzito uulize hodi."

"Nimeshagonga," alijibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Akanijibu kwa teke."

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mtaani walimwita Kimya. Kujificha alizaliwa nako. Utotoni alijificha ndani ya pipa la maji, nyuma ya magunia, chini ya vitanda, na siku moja alijificha vizuri hivi kwamba hata yeye mwenyewe hakujua yuko wapi, ikabidi naye asaidie kujitafuta. Kila mara dada mtu ndiye aliyemwona. Alimshika kifundo cha mguu, akamburuta mpaka mwangani.

"Dada, ungeniacha kidogo tu," mtoto alilalamika.

"Kidogo, halafu iwe nini?"

"Halafu ningetoka mwenyewe."

Alipokuwa mtu mzima, Kimya alipata kazi iliyomfaa: kufagia kwenye nyumba ya nyoka, mahali watu wanapoingia kuwatazama nyoka nyuma ya vioo. Siku moja akarudi na chatu mdogo, wa aina isiyo na sumu na isiyokua zaidi ya urefu wa fimbo ya kutembelea. Alikuwa na mkia uliopinda, ndiyo maana kule hawakumtaka kwa maonyesho. Kimya alimweka chumbani kwake ndani ya kisanduku cha kioo, na kwa kuwa nyoka alikaa siku nzima ndani ya chungu kilichovunjika mdomo bila kusalimia mtu, alimpa jina la Mpangaji.

"Huyu naye ana faida gani?" Mama Satini aliuliza. "Haonekani."

"Ndiyo maana tunapatana," alisema Kimya.

Kisha ugonjwa ukamkamata, na Kimya akafanya alichokijua. Akajifungia chumbani. Mama Satini aligonga asubuhi, akagonga mchana, akagonga na uji, akagonga na dawa. "Umelala? Kimya! Umelala au umekufa?" Mwanzoni alijibiwa "nipo, dada". Baadaye akajibiwa kwa kukohoa. Siku alipogonga mara tatu bila kujibiwa, alikwenda kuchukua bisibisi ya cherehani, akafungua bawaba moja baada ya nyingine, na mlango wote akaung'oa akauegemeza ukutani, kwenye ujia wa nyumba.

"Haya," alisema, jasho likimtoka. "Sasa nakuona."

Kesho yake Kimya alitundika shuka mahali pa mlango. Dada akalitoa, akalifua. Siku kumi na tisa Kimya alikaa ndani ya chumba kisicho na mlango, kila apitaye kwenye ujia akimtupia macho na pole, naye ameelekeza uso ukutani. Mara moja tu aligeuka, akasema, "Dada, Mpangaji usimpe mtu. Usimwache afe." Mama Satini akaahidi.

Siku ya ishirini alikwenda karakana nusu saa kumalizia kimto cha mtu. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Alimkuta uvunguni, amejikunja, mgongo umegusa ukuta na magoti yamegusa sanduku la nguo. Alimshika kifundo cha mguu kama zamani, akamvuta. Safari hii hakuna aliyemwambia ungeniacha kidogo.

Wiki ile Seremala hakuwa na ubao mpana wa kifuniko. Mama Satini alionyesha kwa kidole ule mlango ulioegemezwa ukutani. "Mrudishie mlango wake," alisema. Seremala akaukata, akaupiga randa, ukawa kifuniko. Kilipokuwa tayari, Seremala ndiye aliyegonga mara tatu kama ilivyo sheria, na Mama Satini, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, aliziba masikio. Aliogopa kwamba atajibiwa.

Basi. Wiki ya tatu baada ya maziko, saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali na redio ya jirani ikitangaza bei za vitunguu, Mama Satini alikuwa jikoni akiosha vikombe. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Kimya kurudi kutoka kazini. Akasikia bawaba zikilia kule ujiani, nyiii, kisha ubao ukagusa fremu, kisha kitasa kikazunguka. Ka.

Alibaki na kikombe mkononi. Alikwenda kutazama. Fremu ilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Mlango wenyewe ulikuwa chini ya udongo, na udongo wenyewe alikuwa ameutupia yeye kwa mkono wake.

Kesho yake saa kumi, ka. Kesho kutwa, ka.

Hakumwambia mtu, maana aliijua midomo ya mtaa ule: ungesema umesikia bawaba, kufikia jioni ingekuwa umekula chakula na marehemu. Lakini damu ilimwenda mbio kila akitazama saa, na wazo likaanza kumtafuna. Yule mtu alimwachia kitu kimoja tu chenye uhai. Na kitu hicho kilikuwa kinakufa.

Mpangaji alikuwa hajala wiki sita, tangu Kimya aliposhindwa kumlisha.

Si kwamba Mama Satini hakumjali. Alimjali kwa mikono miwili. Siku ya kwanza kabisa baada ya maziko alimtoa kule chumbani, akamweka sebuleni juu ya meza, penye mwanga, ili awe anamwona. Nyoka akaingia ndani ya chungu chake. Mama Satini akagonga kioo mara tatu. "Hodi humo! Mpangaji! Umelala au umekufa?" Akakiondoa chungu. Ndani alikuta nyoka amejiviringa kama fundo, kichwa kimezama katikati ya mwili wake mwenyewe, na Mama Satini mwili ukamsisimka, kwa kuwa kujikunja kule alikuwa amekuona. Chungu akakitupa nyuma ya nyumba. Kiumbe hai, aliwaza, hakai ndani ya kitu kilichofunikwa. Waliofunikwa ndio anaowashonea.

Badala yake akamshonea godoro. Sponji nzuri, satini nyeupe, mikunjo midogo midogo, na kila upande nafasi ya kiganja. Akamlaza katikati, chini ya taa ya joto. Hakuna nyoka aliyewahi kulazwa hivyo tangu nyoka waumbwe.

Mpangaji alishuka kwenye satini kana kwamba imemuunguza. Alizunguka kuta za kioo siku nzima, akisugua pua pembeni kutafuta ufa, mpaka pua ikachubuka ikawa nyekundu. Alijaribu kujisukuma chini ya bakuli la maji, akalipindua. Kila asubuhi kidole kiligonga mara tatu, naye kila asubuhi alirusha kichwa kwenye kioo, pa! Panya aliyewekewa alinuka akatupwa. Mwishowe alijibana chini ya godoro lile lile alilolikataa, na Mama Satini alipolifunua, alimkuta macho yamegeuka meupe, ya bluu iliyopauka, kama macho ya vikongwe wasioona.

Saa kumi ikafika. Ka.

"Nasikia!" Mama Satini alipiga kelele ujiani, peke yake, mikono kiunoni. "Nasikia, Kimya! Unanitaka nini? Namwangalia usiku na mchana! Hata wewe nilikuangalia!"

Alipojisikia akisema lile la mwisho, alikaa chini pale pale sakafuni.

Siku ya pili alikwenda nyumba ya nyoka kumtafuta aliyefanya kazi na mdogo wake, mlishaji mmoja waliyemwita Vidole Tisa. Kidole cha kumi, kwa maneno yake mwenyewe, kilichukuliwa na mamba aliyekuwa na njaa ya siku arobaini. Kwa maneno ya mkewe, kilibanwa na mlango wa gari. Alikuja jioni ile ile, kofia mkononi, na kopo la chakula kwapani.

"Karibu. Hilo kopo ni la nini?"

"Panya wa barafu, mama. Naliweka mbali na la kwangu la mchana. Nimeshakosea mara moja, na mara moja inatosha."

Alipoingia sebuleni alisimama. Alitazama meza, taa, kioo kitupu pande zote, na lile godoro jeupe. Alikuna kidevu.

"Mama, samahani lakini. Umemtandikia maiti."

"Ndiyo kazi yangu."

"Naona. Na imeshonwa vizuri. Hata mimi nikifa unishonee kama hii. Lakini huyu hataki." Akachutama, bila kugusa kioo. "Chungu chake kiko wapi?"

"Nilikitupa. Alikuwa anajificha humo siku nzima."

"Alitakiwa ajifiche humo siku nzima."

"Sasa mtu anajificha, mtamjuaje kama ni mzima?"

"Mama yangu, huyu akijificha ndiyo yuko mzima. Hana mikono, hana miguu, hana hata kope za kufumba. Ukimweka peupe hivi, kwake kila kinachopita ni mwewe. Tundu ndiyo amani yake. Akiwa na tundu, atakula, atalala, na siku akitaka atatoka mwenyewe."

Mama Satini aligeuza uso akatazama dirisha. Ile "atatoka mwenyewe" ilikuwa imemgusa pabaya.

"Na macho?" aliuliza. "Macho yamekufa."

"Hayajafa. Anajiandaa kuvua ngozi. Siku hizi haoni vizuri, kwa hiyo anaogopa mara mbili, na anajificha mara mbili. Nawe ndiyo umemfunua." Vidole Tisa hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayesoma mita ya maji. "Unamgonga pia?"

"Mara tatu. Asubuhi."

"Loo! Yeye hasikii kwa masikio kama sisi. Anasikia kwa tumbo, kwa kile alicholalia. Ukigonga hapo ni kama wewe nyumba yako itikiswe na mtu usiyemwona."

Mama Satini alitaka kusema kwamba yeye hilo analijua vizuri sana, kila siku saa kumi.

"Nishonee basi hilo tundu lenyewe," alisema. "Yaani, nieleze vipimo. Nampa nafasi ya kiganja kila upande?"

"Hapana! Asipewe nafasi hata ya kidole. Ajikunje, na mwili uguse kuta pande zote, mgongo juu, mbavu huku na huku. Kubanwa ndiko anakokupenda. Liwe na mlango mmoja mdogo. Na yawe mawili: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, asilazimike kuchagua kati ya joto lake na usalama wake. Mrudishe alikozoea, pasipo na miguu ya watu. Mwekee panya mlangoni akishavua ngozi, uondoke. Kabla ya hapo, wiki nzima usimshike, usimfunue, usimgonge."

"Wiki?"

"Wiki."

"Akifa humo ndani je?"

Vidole Tisa alivaa kofia yake. "Kimya alikuwa anasema wewe ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kumpoteza," alisema. "Alisema kwa kucheka. Lakini alikuwa anasema akiwa ndani ya stoo ya mifagio, mama, mlango ameufunga."

Asubuhi Mama Satini alifika karakana kabla ya Seremala kutia chai midomoni.

"Ule mlango," alisema. "Ulipokata kifuniko, kilibaki kipande?"

Seremala alimtazama. Kisha akaenda pembeni, akasogeza mbao tatu, akatoa kipande cha upande wa kitasa, kirefu kama mkono, bado kina rangi yake ya kijani na lile tundu la mviringo ambamo kitasa kilikaa. "Sikuweza kukichoma," alisema, kama aliyekamatwa kwa wizi.

"Nitengenezee sanduku. Dogo."

"La mtoto?" Seremala sauti ilimpungua.

"La nyoka. Limbane. Na tundu la kitasa ndiyo liwe mlango wake, ulipanue kidogo."

"Na ndani utashona?"

"Sishoni kitu."

Seremala alitaka kutania, ulimi ukamwasha, lakini aliiona ile mikono ya mwenzake ikikipapasa kile kipande cha kijani, akaanza kukata mbao. Walipomaliza, sanduku likawa dogo kuliko la viatu. Mama Satini akaliinua, akakunja kidole. Kidole kikasimama hewani. Akakikunjua.

"Hutagonga?" Seremala aliuliza.

"Hili hapana."

Kisanduku cha kioo kikarudi chumbani kwa Kimya, mahali pake pale pale. Sanduku la kijani likakaa upande wa taa. Chungu kiliokotwa nyuma ya nyumba, kikaoshwa, kikawekwa upande wa baridi. Mpangaji alipoachiwa alinusa tundu la kitasa kwa ulimi wake mara mbili tatu, kisha akaingia, polepole, kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano, mpaka mkia uliopinda nao ukapotea.

Ndipo ikaanza wiki ndefu kuliko mwaka. Siku ya kwanza Mama Satini alijifunga mikono kwenye upindo wa kanga ili isiende yenyewe. Siku ya pili alifua kila kitu nyumbani, pamoja na kamba ya kuanikia. Siku ya tatu alikwenda mpaka kwenye fremu, akainama, akasikiliza. Hakuna kitu. Si kukwaruza, si kupumua. Alipata hakika kwamba amekufa. Aliiona kwa macho yake ile hali: amejikunja, mgongo umegusa ukuta. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti, mkono umeshanyooka kwenda kufunua, na hapo saa ikagonga kumi.

Nyiii, zikalia bawaba, safari hii karibu na sikio lake. Upepo usiokuwepo ukampitia shavuni. Ka. Alikuwa amesimama pale pale mlango unapopita, na mlango ulikuwa umempita mwilini.

Nywele zilimsimama. Hakukimbia. Alirudisha mguu nje ya kizingiti.

"Nimesikia," alisema kwa sauti ya chini. "Unataka kufunga. Funga, mdogo wangu. Mimi niko huku nje."

Siku ya nne alimleta Seremala apime fremu. Siku ya tano na ya sita alishinda karakana, na karakanani alishona kimto kimoja mara tatu. Siku ya saba aliingia chumbani na maji safi tu, macho chini, kama mtu anayepita mbele ya watu wanaovaa. Pale kwenye mchanga wa kisanduku cha kioo, nje ya sanduku la kijani, ilikuwa imelala ngozi nzima, nyembamba, nyeupe, yenye mikunjo midogo midogo. Hata zile ngozi za macho zilikuwepo, mbili, safi kama vioo vya saa. Katika maisha yake yote hakuwahi kushona kitu kama kile. Aliiacha hapo hapo.

Jioni aliweka panya karibu na tundu, akatoka. Asubuhi panya hakuwepo. Na kwenye tundu la kitasa palikuwa na kichwa kidogo, macho meusi yanayong'aa, pua imeanza kupona, ulimi ukiingia na kutoka. Mama Satini hakusogea. Walitazamana muda wa kuivisha yai. Kisha Mpangaji akarudi ndani taratibu, kwa wakati wake.

"Alitoka mwenyewe," Mama Satini alimwambia Seremala aliyekuwa ujiani na mlango mpya begani. Akasema tena, "Alitoka mwenyewe," na Seremala akajifanya anatafuta misumari.

Mlango ulipachikwa kabla ya saa kumi. Ulikuwa mbao tupu, bila rangi, na pa kitasa palikuwa na tundu wazi tu, kwa maana kitasa Seremala alikisahau karakana. "Nitakileta kesho," alisema, akaenda zake.

Saa kumi ilipokaribia, Mama Satini alitandika kitanda vizuri, akalikuta lile shuka alilolifua, akalikunja akaliweka miguuni. Akatoka. Mlango akauvuta kwa mikono yake mwenyewe mpaka ubao ukagusa fremu.

Alisimama hapo. Kidole kilijikunja chenyewe, mazoea ya miaka ishirini na sita, kikainuka mpaka karibu na ubao. Akakitia mfukoni mwa aproni.

Upande wa pili, mahali pasipo na kitasa, kitasa kikazunguka. Ka.

"Haya," alisema Mama Satini, na akaenda kuosha vikombe.